Kilio Kilichokuwa Njiani Kwenda Ufukweni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kijiti chenye kibao cha plastiki kilichoandikwa namba nne, nikaambiwa nisikishushe chini ya kichwa changu mpaka jioni. Ilikuwa Louisville, kwenye maegesho ya maduka kule Highview, asubuhi ya baridi, na nyuma yangu kanisa zima la Warundi na Wakongo lilikuwa linasubiri basi. Mimi nilikuwa nimetoka kufungasha maboksi ghalani. Kuinua mzigo nilijua, kuinua kibao sikujua. Ila nilipoona watu wazima, wengine wazee kunizidi, wananifuata kwa sababu tu ya ile namba, niliingiwa na kiburi kidogo, na sitawaficha, mpaka leo hakijaniisha.

Kazi yenyewe inaitwa usindikizaji wa misafara. Ninyi mnaoingia kazini leo mna simu zinazowaambia kila kitu, kwa hiyo acha nieleze ilivyokuwa kwetu. Kampuni huuza safari kwa vikundi: basi mpaka bandarini, meli, visiwa vya Karibi, na kurudi. Msindikizaji hutoka nyumbani na kikundi, hulala nacho melini, na meli ikifika gatini hushuka nacho kwa matembezi ya pwani. Matembezi hayo ni mafupi sana. Mnazunguka kwanza kuona ngome ya zamani, kinu cha miwa, na kilima cha kupigia picha za bandari, kisha mnaachwa ufukweni kuogelea. Halafu mnarudi kabla ngazi ya meli haijavutwa. Asiyefika anaachwa, na watu wangu wengi walisafiri bila pasipoti, wakiwa na kadi zao za ukaazi tu. Hebu fikiria mtu aliyewahi kuwa mkimbizi anaachwa tena katika nchi asiyoijua, akiwa na taulo mkononi.

Msimamizi wa Safari wa Louisville alikuwa mwanamke mrefu, aliyewahi kuendesha mabasi ujanani. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu vichwa. Unahesabu watu wakipanda, unahesabu tena wakishakaa, na unagusa mgongo wa kila kiti kwa mkono wako. "Usimwulize mtu kama mwenzake yupo," aliniambia. "Watu wema hujibu ndiyo." Alikuwa amewasoma watu wetu vizuri kuliko nilivyodhani. Mkongo ukimwuliza kama jirani yake amepanda, atasema amepanda ili jirani asiaibike, na jirani mwenyewe bado yuko dukani anachagua kofia.

Baadaye nilihamishiwa Columbus, kwenye ofisi ndogo ya ghorofani kule Clintonville. Mkuu wangu pale alikuwa Mkurugenzi wa Vikundi, mzee mwenye sauti ya chini ambaye hakupenda kurudia neno. Kwake nilijifunza habari ya saa. Visiwa vingine vina saa yao na meli ina yake, na meli haibadilishi saa kwa ajili ya kisiwa. Kwa hiyo nilivaa saa mbili, ya kulia kwa meli na ya kushoto kwa nchi kavu, na wajukuu wangu walinicheka kwa Kiingereza. Kulikuwa pia na kile tulichokiita saa ya mdomo, yaani saa unayowatajia abiria, ambayo huwa mapema kuliko ya kweli. Wakongo waliigundua safari ya kwanza tu, wakaanza kuiongezea dakika wenyewe. Ikabidi nami niivute nyuma zaidi, nao wakaongeza zaidi, tukawa tunafukuzana hivyo mwaka mzima.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Buffalo, ofisi iliyo karibu na barabara ya Bailey. Meneja wa Tawi alikuwa mtu wa maneno machache, shati lake limenyooka hata theluji ikifika magotini. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kabla sijafika, kikundi kimoja cha kanisa la watu wetu kilichelewa kisiwani, simu zikapigwa mpaka makao makuu, naye akaitwa kujieleza. Siku niliyoripoti alinikalisha chini. "Kikundi kimoja tu kikichelewa tena," alisema, "sitachukua makanisa yenu. Nitakuwa nimejaribu." Nilikasirika, na niliona haya pia, kwa sababu lile neno "yenu" lilinigusa mimi ambaye sijawahi kuchelewesha meli hata siku moja. Nilimjibu kwamba amenielewa vibaya kama anadhani nitampa sababu ya kutukataa. Nikatoka.

Kikundi cha kwanza nilichopewa baada ya hapo kilikuwa kwaya ya akina mama wa kanisa la Wakongo kule Kensington-Bailey. Wengi walikuwa wanahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, wengine walikuwa viwandani. Aliyewaongoza alikuwa Mama Nabintu, mjane wa Bukavu, mfupi, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Alikulia kando ya Ziwa Kivu na hakuwahi kuingia baharini. Njia nzima ya basi alikuwa anazungumza habari ya kuingia baharini, na alinunua nguo ya kuogelea yenye mikono mirefu na suruali, ambayo alitaka kila mtu aione kwamba ina heshima.

Kisiwa tulichoshukia ni kile ambacho watu wake husema Kiingereza shuleni na Krioli nyumbani. Dereva wetu, mwenyeji mpole mwenye kofia nyeupe, alituonyesha ngome, akatupandisha kilimani. Picha zikapigwa mpaka nikaanza kutazama mkono wa kulia. Tukashuka kuelekea ufukweni, kwaya inaimba, mifuko ya taulo miguuni. Kwenye kona moja tukaona nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya waridi, mabenchi yametolewa nje, na watu wachache wamekaa kimya wakiwa wamevaa nyeusi. Wimbo ukakatika bila mtu kuamuru.

Dereva akasema ni bibi mmoja amefariki, watoto wake wengi wako ng'ambo na hawakupata nafasi ya kuja, amebaki binti mmoja tu. Alisema hivyo akiwa anaendelea kuendesha.

"Mama Kezia, ambia dereva asimame," Mama Nabintu aliniambia. "Batu beko na kilio pale."

Nikamwambia kwamba hatuwajui wale watu.

"Na bale batatujua? Bon. Muntu amekufa, siye tupite na makofia ya kuogelea, kama hatuone? Hapana, mama. Kwetu haifanyikake."

Sikuwa na la kumfundisha hapo. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na kambini hatukupita penye kilio hata kama marehemu ni wa kutoka mlima, yaani kijiji, tusioujua. Kupita ni kusema kwamba aliyekufa hakuwa mtu. Lakini akilini nilimwona Meneja wa Tawi na shati lake lililonyooka, nikaona pia makanisa yote ya Buffalo yakiambiwa hapana kwa sababu yangu. Nilisimama katikati ya basi nikawaambia ukweli. Muda niliokuwa nao ni ule wa ufukweni tu, sina mwingine. Wakiingia pale, bahari wataiona dirishani. Wachague.

Mama Furaha, mdogo kuliko wote, aliutazama mfuko wake wa taulo kwa muda, kisha akausukuma chini ya kiti. Mama Nabintu alikuwa tayari anafunga kitenge juu ya ile nguo yake ya heshima. Vitenge walivyokuwa wamebeba ili walalie mchangani vikawa nguo za msibani. Nikamwambia dereva ageuze.

Akina mama wakavua kofia, wakaacha viatu mlangoni, wakaingia na kukaa chini sakafuni, ingawa viti vilikuwepo. Wenyeji walitutazama kama watu walioona mvua ndani ya nyumba. Binti wa marehemu, mwanamke wa makamo aliyevaa gauni jeusi, akaja kutuuliza kwa Krioli kama tulimjua mama yake. Krioli yao ina Kifaransa ndani, kwa hiyo Mama Nabintu alielewa. Akamjibu kwa Kifaransa cha Bukavu kwamba hapana, tulikuwa tunapita tu, tukakuta kilio. Yule binti alisimama akitutazama mmoja mmoja. Halafu akakaa sakafuni katikati yetu, akalia kwa sauti, na jirani yake akaniambia kwa Kiingereza kwamba tangu mama afe alikuwa hajalia. Kwaya ikaimba kwa Kiswahili, polepole, kama wanavyoimba kwao usiku wa kukesha. Nimehudhuria mazishi mengi maishani mwangu na sijaona watu wanaimbiwa wakatulia namna ile.

Kuingia kwenye kilio ni rahisi, kutoka ndiyo kazi. Hutoki bila kupewa maji, hutoki bila sala ya kufunga, na sala ya kwaya ile niliijua: huanza na marehemu, ikapita kwa wajane, wagonjwa na wasafiri, ikamaliza na marais. Saa ya kulia ilikuwa inanichoma mkono. Niliogopa, nasema wazi. Basi kabla mmoja wa wanakwaya hajajikohoza kuianza, nikaomba mimi nifunge. Nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, jicho moja likiwa limefumbuliwa, na amina ilifika wengine bado wanapanga magoti. Mama Furaha ananicheka kwa hilo mpaka leo.

Mlangoni nikahesabu vichwa. Kimoja hakipo. Kama ningeuliza, wote wangesema Mama Nabintu yuko ndani ya basi. Sikuuliza. Nilirudi ndani nikamkuta jikoni, mikono ndani ya beseni, anaosha vikombe pamoja na majirani, kwa sababu kwao huwezi kula chozi la watu ukaacha vyombo vichafu. Nikamvuta akiwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Dereva alitukimbiza. Tulipofika gatini ngazi ilikuwa bado chini, na afisa wa ulinzi aliyesoma kadi zetu alikuwa ameshaanza kufunga meza yake. Tuliingia wa mwisho, lakini tuliingia ndani ya muda, wote. Meli ilipoanza kuondoka nilimkuta Mama Nabintu amesimama penye kizuizi cha sitaha anaangalia maji aliyoshindwa kuyaingia. Nikampa pole.

"Bahari haikufa, mama," alisema. "Bibi yule ndiye alikufa."

Tuliporudi Buffalo niliitwa ofisini siku ileile. Kampuni ya kisiwani ililalamika kwamba tumebadilisha njia bila ruhusa. Nilimweleza Meneja wa Tawi kila kitu, bila kuficha sala wala vikombe. Aliuliza kama kuna mama yeyote aliyedai fidia ya ufukwe. Nikasema hakuna. Akauliza tulipanda melini saa ngapi, nikamwambia, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akageukia dirisha, akaangalia magari ya barabara ya Bailey.

"Mama yangu tulimzika mvua ikinyesha," alisema. "Hatukujaa hata gari moja." Akavuta kompyuta yake. "Mnahitaji muda gani kwa jambo kama hilo?"

Ndiyo maana ratiba za vikundi vya makanisa yetu zina muda mtupu kati ya kilima na ufukwe, usiokuwa na jina. Nimewasikia vijana wakisema ni uzembe wa ofisi. Si uzembe. Safari nyingi hautumiki, na mnapata bahari ndefu zaidi. Lakini upo, na uliwekwa kwa sababu ya akina mama wa Kensington-Bailey. Makanisa yetu hayakukataliwa, na mpaka nilipoacha kazi hakuna kikundi changu kilichoachwa na meli.

Nilistaafu magoti yaliposhindwa ngazi. Waliniaga ofisini kwa keki, Meneja akasema maneno yake machache, nikarudisha kibao. Sasa nakaa nyumbani, naangalia theluji, na nawaambia wanaoniuliza kwamba ilikuwa kazi kubwa. Kuna watu huona msindikizaji ni mtu wa kutembeza watalii. Mimi niliwapeleka watu waliozoea kukimbia mahali ambapo hawakukimbizwa, nikawarudisha wakiwa wametimia. Najivunia hilo, na sioni kwa nini nijivunie kwa sauti ndogo.

Nilidhani nimemaliza. Halafu Mama Nabintu akaja kwangu na begi. Aliyekaa kwenye kilio, aliniambia, hukaa pia siku ya kukimaliza, na sisi tulikaa, donc, basi, tuna deni. Wakongo huiita levée de deuil, siku ambayo wafiwa huvua nguo nyeusi na watu hurudi kula nao. Dereva wa kofia nyeupe, ambaye Mama Furaha hakuacha kumwandikia, alikuwa ameuliza tarehe, kwani siku hiyo ilikuwa imecheleweshwa muda wote huo kusubiri watoto wa ng'ambo.

Nikaenda kama abiria wa kawaida. Mbele alikuwa msindikizaji mpya, binti mdogo na kibao chake, akapita akigusa migongo ya viti, akagusa na changu, na alihesabu vizuri. Safari hii tulianza na ufukwe. Mama Nabintu aliingia mpaka kifuani, na kitenge chake ndicho kilichomsubiri mchangani. Akajikausha, akakifunga, tukaenda.

Nyumba ile ya rangi ya waridi ilikuwa imejaa. Watoto waliokuwa ng'ambo walikuwa wamerudi, hawakutujua, na kaka mkubwa akasimama mlangoni akamwuliza dada yake kwa Krioli hawa wanawake ni akina nani. Dada yake alikuwa ameshavaa nyeupe. Alitupita mbele akaanza kutoa viti njiani ili tupate pa kukaa sakafuni, na alipojibu hakugeuka. Dereva ndiye aliyetutafsiria jibu lake. Alisema, "Ni jamaa wa mama."