Pini Niliyoiokota Baada ya Ndege Kupaa

Usiku ule sikupata usingizi, nikijiuliza kama nimwambie yule mama abiria ukweli au nimwache alaumu hali ya hewa.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimefunga gurudumu la ndege ndogo hapa Dodoma. Ilipopaa tu, nikaona sakafuni pini inayozuia nati ya gurudumu isilegee. Mimi, ambaye hurudi hata kuhakikisha mlango niliokwisha kuufunga, nikakimbia kwa fundi mkuu. Rubani akaitwa arudi.

Walitua salama. Fundi mkuu akachungulia gurudumu, kisha akaitazama pini mkononi mwangu.

"Imepinda, mwanangu. Hii ni ile ya zamani uliyoitoa. Mpya umeiweka mwenyewe."

Pini iliyotumika hairudishwi, hutupwa. Nilifundishwa hivyo tangu chuoni.

Abiria waliambiwa ni hali ya hewa. Mama mmoja, mtumishi wa serikali hapa mjini, alikuwa anawahi Songea kumzika mama yake. Nilimsikia akiwaambia nduguze kwa simu wazike tu, hatawahi tena.

Jana nilimfuata ofisini kwake.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyewarudisha. Haikuwa hali ya hewa; nilidhani gurudumu lina kasoro, kumbe lilikuwa zima."

Aliiweka kalamu mezani. "Ulidhani tutakufa?"

"Ndiyo, mama."

"Kaa," akasema, na machozi yakamtoka.