Maji Niliyoyasahau Ndani ya Mrututu

Nilikuwa karani mpya wa shamba la viazi huko Dundori, najisifu kwa kemia yangu ya shule. Bwana shamba alitaka pipa la dawa ya kunyunyizia viazi, lenye ratili moja ya shaba. Nikapiga hesabu, nikapima ratili mbili na nusu za mrututu, ile dawa ya mawe ya buluu.

Mama Njoki, mnyunyizaji wa miaka mingi, akachungulia pipa. "Karani, dawa hii imepauka. Viazi vitaungua na baridi, huu ukungu wa majani."

"Mama, hesabu haidanganyi," nikasema, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, alikuwa ameweka jiwe la mrututu juu ya bati motoni. Lilitoa mvuke mpaka likawa jeupe.

"Na haya maji," akauliza, "uliyahesabu?"

Sikuwa nimeyahesabu. Zaidi ya thuluthi ya uzito wa mawe yale ilikuwa maji, nami niliyapima kana kwamba ni makavu.

"Kunywa chai yako, karani. Pipa nimeshaliongeza mrututu."