Saa ya Barasa

Jumamosi za Kiganjo, karibu na Nyeri, zilikuwa za picha. Makuruta wa chuo cha polisi walikuja kwenye ukuta wa duka nilipotundika pazia la buluu, viatu viking'aa, kila mmoja akitaka picha ya kutuma nyumbani. Nilikuwa mpiga picha wa kujitegemea, maana yake nilikula nilipopata kazi. Magazeti ya Nairobi yalinunua picha zangu za mafuriko na mikutano ya siasa. Unga wangu ulitoka kwa makuruta.

Siku zile kila mpiga picha wa Nyeri alikuwa na saa ya mkononi ya kuwaazima wateja. Yangu ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na ilikuwa imekufa kabla sijainunua. Hakuna aliyeitaka itembee. Kazi yake ilikuwa kung'aa, ili wazazi waone kijana wao amefika mahali.

Barasa alikuwa kuruta kutoka pande za Bungoma, mrefu, mwenye maneno mengi. Aliivaa saa, akaukunja mkono kifuani hadi nikacheka.

"Simama vizuri. Unakaa kama mtu amevunjika mkono."

"Wacha tu, bwana picha. Mama yangu haoni vizuri. Hii saa lazima ionekane."

Nilimpiga hivyo hivyo, na picha ikaenda kwa mama yake.

Miezi michache baadaye, gazeti moja likataka picha za vita vya kaskazini. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Watu wengi wa kule walitaka kujitenga na Kenya, serikali ikakataa, na mambo yakaishia kwenye bunduki. Nilipanda lori la polisi Isiolo, na nyuma nikamkuta nani? Barasa.

"Bwana picha! Ile saa iko?"

"Iko kwa mfuko wa kamera."

"Niwekee. Nikipata cheo nakuja tupige ingine."

Tulipita kijiji ambacho serikali ilikuwa imekizungushia seng'enge. Wanawake walisimama ndani, watoto mgongoni, wakitutazama. Niliijua seng'enge hiyo. Wakati wa Mzungu nililelewa nyuma ya moja kama hiyo, karibu na Nyeri. Nilipiga picha, kisha nikaishusha kamera kwa haya.

Mbele kidogo lori likakanyaga bomu.

Nilijikuta mchangani, masikio yamezibika. Risasi zilitoka vichakani.

Kamera ilikuwa imeanguka mbali nami. Nikaanza kuitambalia.

"Wacha kamera! Wacha!"

Barasa alinishika mguu, akanivuta nyuma ya gurudumu, akanilalia.

Mwili wake ulishtuka. Kisha ukawa mzito.

Risasi zilipokoma, wenzake walimwondoa juu yangu. Mimi nilikuwa mzima, sina hata mkwaruzo wa kuonyesha watu.

Kamera ilipatikana na picha zikachapishwa, lakini Barasa hakuwamo hata katika moja. Ya kwake ilikuwa ile ya Kiganjo tu. Niliikuza, nikaitia fremu, nikasafiri kwenda kwa mama yake. Sikujua ningemwambia nini mama wa aliyekufa badala yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaisogeza picha karibu na macho.

"Walileta nguo yake," akasema. "Walileta viatu. Saa hawakuleta. Nimeuliza chifu, nimeuliza polisi, watu wananiangalia tu. Ni nani aliibia mtoto yangu na amekufa?"

Muda huo wote alikuwa amebeba uchungu wa pili juu ya ule wa kwanza. Nikafungua mfuko wa kamera.

"Iko na mimi, mama. Aliniambia nimwekee."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni.

"Haitembei."

"Haijawahi kutembea, mama. Ilikuwa yangu, ya kupigia picha. Makuruta wote waliivaa. Hakuna aliyemwibia."

Aliitazama saa, akaitazama picha, nami nikaogopa. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtiririka.

"Huyo mtoto! Hata akiwa mdogo alikuwa hivyo tu. Ati nione ametajirika!"

Niliomba abaki nayo. Aliivaa, akatoka nje kwenye mwanga, akasimama mbele ya mlango wake na kuukunja mkono kifuani kama alivyofanya mwanawe.

"Piga," akasema. "Ionekane."

Leo mimi ni mzee, naishi Gatitu, palepale Nyeri, na wajukuu wananifokea nipunguze chumvi kwenye chakula. Picha zangu za vita zimesahaulika, na sizililii. Ile ya mama yake Barasa iko ukutani sebuleni. Kila asubuhi nikipita na chai yangu nasimama hapo na kusema asante. Nimepata mke, watoto, mvi na magoti mabovu. Barasa hakupata hata cheo ambacho angekuja kukipigia picha.