Mzee Sogea na Picha za Barabara Tupu

Fundi mizani alikuwa na jina lake la kitambulisho, lakini miji yote midogo aliyoipitia ilimjua kama Mzee Sogea. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani za madukani, mji baada ya mji, kwa barabara za vumbi ambazo madereva wenye akili zao huzikwepa. Mchana, maduka yakishafungwa kwa mapumziko, alitoa kamera akapiga picha za mitaa iliyonyamaza: kibaraza kilichofagiliwa, mlango wa buluu uliobanduka rangi, nguzo ya umeme iliyoinama. Watu hakuwataka hata kidogo. Mtu akitokea mbele ya kamera, fundi alinyanyua mkono: "Sogea kidogo, ndugu yangu." Aliwahi kumsubiri kinyozi mmoja robo saa nzima amalize kupiga miayo mlangoni pake, aingie ndani.

Mkewe, fundi cherehani, alisafiri naye kila kazi zake zilipopungua, miaka ishirini na sita. Yeye hakungoja kuambiwa. Akiona kamera inatoka, alishika mkoba wake akaenda kusimama nyuma ya mumewe. Akisikia mlio wa kamera, walishika njia. Wala tusimlaumu sana fundi, picha zilikuwa nzuri kweli. Alizihifadhi kwenye maboksi ya viatu, kila moja na jina la mji na tarehe nyuma yake.

Kisha mke akaanza kusahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina ya wateja, na mwaka huu akawa anampokea mumewe sebuleni kama mgeni: "Karibu, baba. Mwenyewe katoka, lakini hachelewi." Fundi alikuwa akikaa, akimsubiri huyo mwenyewe. Hakutaka kingine duniani ila mkewe amtambue, hata kwa siku moja.

Daktari alimwambia binti yao kwamba picha za zamani huenda zikasaidia. Fundi alifurahi kama aliyerudishwa kazini. Picha si anazo, tena maboksi kwa maboksi!

Asubuhi alizipanga mezani, pazia limefunguliwa. "Mji huu unaukumbuka, mama? Hapa ndipo kiatu chako kilipokatika, ukacheka mpaka ukakaa chini."

Mkewe aliitazama picha. "Nani alicheka?"

"Wewe."

"Mbona simo?"

Akampa nyingine, na nyingine. Mke alizipitia zote kwa adabu, baadhi akazigeuza kusoma tarehe. Mwishowe akauliza, "Samahani, baba, watu wa huku walihamia wapi?"

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama pembeni. Hasira zilimpanda fundi, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe. Akaiendea kamera kabatini. Leo angempiga picha mkewe hivi hivi alivyokaa, na kitambaa chake cha nyumbani kichwani, liwalo na liwe.

Alipoinua kamera, mkewe alisimama. Akachukua mkoba wake uliokuwa miguuni, akazunguka meza polepole, akaja kusimama nyuma yake, karibu kabisa, kama mtu anayejua mahali pake.

"Haya, piga," alimwambia. "Nimeshatoka."