Marehemu wa Saa Saba Mchana

Mimi nimewahi kuwaambia watu wa Tinde kwamba nilikamua nyati, wakaja na vibuyu kuomba maziwa. Ndiyo maana mjukuu wangu Ritha, kila tukiongea kwenye simu, huniuliza kwanza mimi bibi yake, "Mke mwenzangu, leo unasema kweli au unasimulia?" Siku ya kisa hiki nilimjibu nasema kweli. Akaniuliza mara ya pili.

Alikuwa Dodoma kwa miezi mitatu ya mafunzo ya vitendo, kwenye kituo kimoja cha redio. Chuo kilimpa kitabu cha tathmini, na mhariri wake, bwana Enock, ndiye wa kukijaza na kukisaini mwishoni. Bila hivyo hakuna cheti. Miezi miwili alichemsha chai, akawabebea wakubwa vinasa sauti kwenye mikutano ya wabunge, akaandika habari wakamfutia. Kisha duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, likaporomoka Mwakitolyo, upande wa kwetu, na pale ofisini hakuna mwingine aliyejua Kisukuma.

Akapiga simu. Mtunza daftari wa duara akamsomea majina sita ya walioingia zamu ile wakafukiwa. La nne lilikuwa la Bujiku, mtoto wa jirani yetu Martina, ambaye zamani alimpakia Ritha kwenye baiskeli kwenda shule. Bwana Enock akamwambia asome mwenyewe, taarifa ya saa saba mchana. Tulimsikia sote. Kwenye jina la nne sauti ilimkatika kidogo, akaendelea. Mhariri alifurahi, akaandika kitabuni: sauti yake inagusa.

Tukazika. Jeneza halikufunguliwa, kwa jinsi mawe yalivyomfanya yule mtu. Simu na nguo za Bujiku, zilizokutwa juu ya shimo, zililetwa kwenye mfuko wa salfeti. Martina akanyoa nywele.

Siku ya nne, tumekaa kwenye mikeka, Bujiku akaingia uani akitokea Kagongwa, kabeba tikiti maji. Watu walitimka. Katekista aliruka ua wa minyaa kwa namna ambayo hata mimi nisingeweza kuitunga. Nilibaki peke yangu, kwa sababu ya magoti. Nikamfinya. Alikuwa na joto.

Kumbe alikwenda kwa mwanamke, na zamu yake, pamoja na simu na nguo za kazi, akamwachia mwingine aingie kwa jina lake. Machimboni wanafanya hivyo. Daftari linataka jina, sura halina habari nayo.

Martina alisimama mlangoni, hajui afungue au afunge. Hapo ndipo nilipokosa. Nilisema, kwa mzaha wangu wa siku zote, kwamba kwetu mtu aliyekwisha kuzikwa hapiti mlangoni mpaka yule aliyemtangaza amtangaze upya. Desturi hiyo niliitunga palepale, kikombe cha uji mkononi. Martina akafunga mlango kwa komeo. Kesho yake nikamwambia ni utani. Akanijibu kwamba mimi uongo wangu unajulikana, sasa atajuaje nilidanganya jana au nadanganya leo.

Bujiku akalala zizini. Chakula alikuta kimewekwa juu ya jiwe, mbali, na watoto hawakumwamkia. Siku moja nilimwona kainama kwenye maji ya ng'ombe, anajipapasa uso kama mtu anayetafuta kitu. Ndipo akamwomba mama yake ile simu iliyoletwa na nguo. Ikapitishwa chini ya mlango. Akampigia Ritha.

"Ritha, umenitangaza vizuri," alimwambia. "Hata mimi ningelia. Sasa nirudishe."

Ritha akanipigia mimi, na hapo ndipo aliponiuliza kama nasema kweli. Kitabu kilikuwa kisainiwe Ijumaa. Angeweza kukaa kimya siku mbili, akaondoka na sifa yake. Akauliza afanyeje.

"Uongo wangu watu wanacheka," nilimwambia. "Wako umemnyoa Martina."

Sikumwambia nani alimfungisha Martina mlango.

Akamwendea bwana Enock akamweleza yote. Hakugomba. Aliuliza kitu kimoja tu:

"Kama Bujiku yuko hai, wamemzika nani?"

Ritha akapiga tena Mwakitolyo. Mtunza daftari akasema yule mtu alifika siku mbili kabla duara halijaporomoka, hakueleza atokako, wakamwita Mgeni. Alikula maharage yake kando. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Saa saba mchana Ritha akasoma: Bujiku wa Tinde yuko hai, jina lake lilitangazwa kimakosa, aliyezikwa kwa jina hilo hajafahamika. Safari hii sauti haikukatika. Nikasikia komeo la Martina likivutwa. Kule Dodoma bwana Enock aliifuta ile sifa kwa mstari, akasaini chini yake, na hapohapo simu ya studio ikaanza kulia.

Walipiga wanawake kumi na mmoja, na hesabu hii sikuongeza chumvi, ni yake Ritha. Geita, Kahama, mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa. Huyo aliyezikwa alikuwa na kovu kwenye nyusi? Alikuwa na mwanya? Alitumia mkono wa kushoto? Kila mmoja ana wake aliyekwenda machimboni akanyamaza. Ritha aliandika alama na namba ya kila mmoja. Amemaliza chuo sasa, na bado wanampigia.

Hapa Tinde, kaburi liko nyuma ya zizi la Martina. Bujiku hulifagia kila asubuhi, na kwa kuwa hajui kama Mgeni alimzidi umri, huanza kwa kumpa shikamoo. Kisha husimama pale kidogo, fagio mkononi. Nami, huku kwangu, siku hizi huwa najikuta nimesimama naye, nasubiri marahaba.