Swali la mama kwa shule ya Oman

Mpaka leo sijaelewa kwa nini yule mwalimu hakumdanganya mama yake, ilhali bibi huyo hajui neno hata moja la Kiingereza.

Tulikuwa steshenari moja hapa Kibiti, mimi nikingoja kopi zangu. Mwalimu mstaafu mwenye ndevu nyeupe alikuwa akisailiwa kwa simu ya video na shule ya Oman, akafundishe Kiingereza miezi mitatu tu. Shule nyingine zote zilikwisha kumwambia umri umekwenda. Mama yake, waliyetoka naye hospitali, alikaa ubavuni mwake.

"Wanasemaje?"

"Wamenikubali, mama. Wanataka jibu sasa hivi."

"Hebu waulize, nikifa watakuleta siku hiyo hiyo unizike?"

Akatafsiri swali lile kama lilivyo. Jibu nililisikia: hakuna ruhusa mpaka mkataba uishe. Angeweza kumwambia bibi lolote, lakini akamwambia hivyo hivyo. Pengine aliyesahihisha tafsiri za watoto maisha yake yote hawezi kuiharibu ya kwake.

Bibi akasema, "Nenda, baba. Radhi nimekupa."

Lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la kanzu ya mwanawe, na havikuachia.

Mwalimu akavitazama vidole vile. Kisha akaikataa kazi mwenyewe, kwa Kiingereza kilichonyooka, na shukrani juu yake.

"Wamesemaje?" bibi akauliza.

"Wamekisifu Kiingereza changu."