Gibisoni

Mtaani kwetu fundi redio hana jina lingine ila Gibisoni. Hata mjukuu wake humwita Babu Gibisoni. Wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kichwa cha gitaa linaloning'inia ukutani kwake, juu ya rafu ya redio zilizokufa.

Ujanani alipiga rithimu katika bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Gitaa lake lilikuwa Teisco, la Kijapani, lenye swichi nyingi kama kabati la umeme. Mpiga solo, ambaye gitaa lake la jina kubwa lilikuwa la kuazima, hakumwacha apumue. "Bwana we, hilo ni gitaa au pasi?" Wapigaji wengi enzi hizo walificha jina la gitaa la bei nafuu kwa utepe mweusi, kama mtu anayekunja kola iliyochanika. Naye akabandika wake.

Mchumba wake, mchora mabango, hakuupenda utepe ule. "Lete hapa, nikuandikie jina lenye heshima." Akaubandua utepe, akalifunika jina la zamani kwa rangi nyeusi, kisha kwa brashi nyembamba na rangi nyeupe akaandika jina la magitaa ya kifahari ya Kimarekani, kama alivyowasikia wapigaji wakilitamka, kwa herufi zenye mikia kama za maduka ya nguo: Gibisoni.

Bendi ilicheka mpaka mpiga tarumbeta akashindwa kupuliza. Mchumba akawatazama. "Kwani nyie mnasemaje?" Wakatamka mmoja mmoja, na kila mmoja akatamka vilevile alivyoandika.

Jina likabaki. Mchumba akawa mke, wakaishi pamoja miaka thelathini na minane, na huu ni mwaka wa tatu tangu amzike. Mabango yake yote mjini yameshapakwa upya. Mwandiko wake umebaki pale tu, kwenye kichwa cha gitaa.

Juzi alikuja binti mmoja mpiga gitaa, kavutwa na sifa za gitaa hilo. Vidole vya fundi vimekakamaa, na gitaa lisilopigwa linamuuma kuliko vidole vyenyewe, kwa hiyo alikuwa tayari kumpa binti gitaa hilo. Binti akalichomeka kwenye spika ya majaribio, akapiga. Sauti ilitoka kavu kidogo mwanzoni, kisha tamu, yenye mchanga ndani yake, ileile iliyojaza ukumbi wa kiwanda siku za Jumamosi.

"Mzee wangu, Teisco hizi sasa zinatafutwa," binti akasema. "Walizidharau bure. Nitaikwangua rangi hii taratibu, jina lake lenyewe lionekane."

Fundi akaweka bisibisi mezani. "Hapo hapaguswi."

"Lakini limekosewa, mzee."

"Najua. Aliyekosea nilimuoa."

Binti akalitazama jina upya, akaufuata mkia wa herufi ya kwanza kwa kidole bila kuugusa.

"Watu watacheka jukwaani," akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Watacheka. Hata sisi walitucheka, halafu wakasimama wakacheza."

"Basi na mimi nitaishia kuitwa Gibisoni."

"Gibisoni Mdogo. Mkubwa bado nipo."

Fundi akaukaza uzi wa sita, akausikiliza, akaulegeza kidogo. Kisha akachukua kitambaa, akalifuta gitaa vumbi kuanzia tumboni hadi shingoni. Alipofika kwenye maandishi, akapuliza tu.